Kabla ya kumfuata bata mzinga porini: katriji, choki na karatasi

Kwenye boksi la katriji tano, lile lenye picha ya bata mzinga aliyetanua mkia, kumeandikwa namba ambazo mnunuzi mgeni huzipita kama anavyozipita zile za nyuma ya pakiti ya dawa: 12, inchi 3, aunsi 1¾, namba 5, futi 1,200. Muuzaji atasema hiyo ndiyo nzuri. Huenda ni kweli. Ila muuzaji hajui mtutu wa mteja wake una upana gani hasa, wala choki, kile kibomba cha kubana kilichofungwa mdomoni mwake, imebana kiasi gani. Katriji ile ile inayopanga marisawa, vile vichembe vya ndani yake, vizuri kwenye bunduki moja huweza kuyamwaga ovyo kwenye bunduki ya jirani, hata kama zote mbili zimetoka kiwanda kimoja mwaka mmoja.

Uwindaji huu ni wa Amerika Kaskazini, maana ndiko bata mzinga mwitu anakoishi. Msimu unaosubiriwa zaidi ni wa machipuko, madume wanapoita majike alfajiri na mwindaji anakaa chini ya mti akiwaigiza majike hao. Kwa msomaji aliyehamia Kentucky, Iowa au Texas, mengi ya kujifunza yanahusu ndege mwenyewe na sauti zake. Hapa tunashughulika na bunduki ya marisawa, yaani shotgani, na namna ya kujua itafanya nini kabla hujabonyeza kifyatulio mbele ya ndege aliye hai.

Shabaha ni ndogo kuliko ndege

Dume mzima ana uzito wa kilo 8 hadi 11. Ukimwona amejitutumua unaweza kudhani humkosi hata ukifumba macho. Lakini manyoya yake ni mengi na yamepandana, mifupa ya mabawa ni migumu, na nyama ya kidari ni nene. Marisawa yakiingia mwilini humjeruhi tu. Ataruka au atakimbia, na atakufa baadaye mahali usipomwona. Kinachomwangusha palepale ni chembe kuvunja fuvu au pingili za shingo. Fuvu hilo ni dogo, na uti wa shingo si mnene kuliko kidole.

Kwa hiyo hesabu yote iko hapa: kwa umbali fulani, bunduki yako inaweka chembe ngapi katika eneo la kichwa na shingo, na kila chembe ikifika bado ina nguvu ya kupenya mfupa? Swali la kwanza linajibiwa na karatasi, ile unayoipiga kisha ukaihesabu matundu. La pili linajibiwa na madini na ukubwa wa chembe.

Risasi ya risasi, na nyingine

Kiswahili kinatutega kidogo. Risasi ni madini, na risasi ni kile kinachotoka bundukini. Tutenganishe: hapa risasi ni yale madini mazito laini, kitu kizima unachokipachika bundukini tutakiita katriji, na vile vidude vya duara vilivyomo ndani ni marisawa, kila kimoja chembe.

Risasi imetumika tangu zamani kwa sababu ni nzito na ni rahisi. Sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 11 na kidogo. Udhaifu wake ni ulaini. Baruti ikiwaka, chembe za chini hukandamizwa na za juu kabla mzigo mzima haujaanza kwenda, zikabonyea. Chembe iliyobonyea haiendi moja kwa moja; hewa huipeleka pembeni. Ndiyo maana katriji nzuri za risasi huchanganywa antimoni ili chembe ziwe ngumu, au hupakwa shaba, na katikati ya chembe huwekwa unga wa plastiki unaozizuia zisigongane. Ukinunua zile za bei ya chini za kupigia visahani vya udongo, hayo huyapati, na hazikutengenezwa kwa kazi hii.

Chuma ni chepesi, gramu 7.8. Chembe ya chuma hupoteza kasi mapema, kwa hiyo ukiitumia unahitaji chembe kubwa zaidi na umbali mfupi zaidi. Bismuthi iko kati, gramu 9.6. Mapinduzi yalikuja na tangsteni. Ile iliyo bora kwa marisawa ina gramu 18 hivi kwa sentimita ya ujazo, nzito kuliko risasi kwa zaidi ya nusu, na ni ngumu kiasi kwamba baruti haiibonyezi.

Nini maana yake kwa vitendo? Chukua chembe ya risasi ya namba 5. Kipenyo chake ni milimita 3 na uzito wake gramu 0.165. Chukua na chembe ya tangsteni ya namba 9: kipenyo milimita 2, uzito gramu 0.079. Ya pili ina chini kidogo ya nusu ya uzito wa ya kwanza. Lakini uso inaousukumia kwenye mfupa ni mdogo zaidi hata ya hapo, asilimia 44 tu ya uso wa ile ya risasi. Ukigawanya uzito kwa uso, tangsteni namba 9 inapata alama juu kidogo ya risasi namba 5. Yaani kichembe ambacho kikiwa cha risasi kingefaa kupigia njiwa, kikiwa cha tangsteni kinapenya kama risasi ya bata mzinga, na ndani ya aunsi moja zinaingia chembe 360 badala ya 170.

Ndiyo maana siku hizi utaona watu wazima wakienda porini na bunduki ndogo ya .410, ambayo zamani ilikuwa ya kufundishia watoto. Katriji yake ya tangsteni hubeba aunsi 13/16, ambayo ni chembe 290 hivi. Ile ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) tuliyoianza nayo, aunsi 1¾ za risasi namba 5, ina chembe 300. Zinakaribia kuwa sawa, huku moja ikimpiga mwindaji teke kama la punda na nyingine ikimsukuma bega tu. Tofauti iliyobaki ni ya mfukoni: katriji moja ya tangsteni inaweza kupita dola 10.

Sheria nayo ina usemi wake. California imekataza risasi katika uwindaji wote tangu Julai 2019, kwa hiyo huko uchaguzi umeshapunguzwa. Missouri hairuhusu chembe kubwa kuliko namba 4. Kila jimbo lina kitabu chake cha kanuni kinachobadilika mwaka hadi mwaka. Kisome kabla hujanunua, si baada.

Kurudi kwenye boksi

Namba za ukubwa wa chembe zinakwenda kinyumenyume: namba ikikua, chembe inapungua. Kuna njia nyepesi ya kuzikumbuka. Toa namba ya chembe kutoka 17, utapata kipenyo kwa sehemu za mia za inchi. Namba 5 ni 17 toa 5, yaani 0.12 ya inchi. Namba 9 ni 0.08. Kwa risasi, wawindaji wa bata mzinga hukaa kwenye 4, 5 na 6. Aunsi moja ya namba 4 ina chembe 135, ya namba 5 ina 170, ya namba 6 ina 225. Namba 4 inapenya zaidi ila inaacha mapengo. Namba 6 inajaza karatasi ila inachoka mapema. Namba 5 ni maelewano, na kama hujui uanzie wapi, anzia hapo.

Geji inahesabiwa vivyo hivyo kinyume, kwa utaratibu wa kizamani: ni idadi ya mipira ya risasi yenye upana wa mtutu inayotimiza ratili moja. Mipira 12 kwa ratili ni mtutu wa inchi 0.729, mipira 20 ni mtutu mwembamba zaidi, inchi 0.615. Hiyo .410 haimo katika hesabu hii, ni kipimo cha mtutu kwa inchi.

Inchi 3 ni urefu wa katriji, na hapa pana mtego ambao umeharibu bunduki. Urefu huo hupimwa baada ya katriji kupigwa na mdomo wake uliokunjwa kufunguka. Katriji ya inchi 3 ambayo haijapigwa ni fupi kuliko hapo, kwa hiyo inaweza kuingia bila shida kwenye chemba iliyochongwa kwa inchi 2¾. Ikipigwa, mdomo unakosa nafasi ya kufunguka, mgandamizo unapanda. Soma kilichochongwa ubavuni mwa mtutu, usiamini kwamba "imeingia". Hatari ya pili ni mbaya zaidi: katriji ya geji 20 ikitumbukia kwenye mtutu wa geji 12 huteleza mbele na kukwama, ukiangalia chemba unaiona tupu, unapachika ya geji 12 nyuma yake. Mtutu unapasuka. Ndiyo sababu katriji za geji 20 hutengenezwa za manjano, na ndiyo sababu geji mbili hazichanganywi mfuko mmoja hata kwa dakika tano.

Kasi, zile futi 1,200 kwa sekunde, ndiyo namba inayouza sana na inayosaidia kidogo. Chembe ya duara hupambana na hewa vibaya, na ile iliyoanza kwa kasi zaidi hupungukiwa haraka zaidi. Ukifika yadi 40 faida uliyoinunua imebaki kidogo sana, wakati msukumo mkali wa mwanzo umebonyeza chembe za risasi nyingi zaidi na kuutawanya mzigo. Kati ya katriji mbili za risasi zinazolingana mengine yote, ile ya polepole mara nyingi ndiyo hupanga vizuri. Na zile za inchi 3½ za geji 12 tungeziacha dukani: teke lake linamfundisha mpigaji kujikunyata kabla hajafyatua, na tabia hiyo ikishaingia haitoki upesi.

Choki

Choki ni mbano wa mdomoni mwa mtutu, siku hizi bomba fupi la kuskrubu linalobadilishwa. Marisawa yakipita hapo husogezwa pamoja, kama maji ya mpira unaoubana mdomo kwa kidole gumba: yanaenda mbali zaidi kabla ya kutawanyika. Mtutu usiobana kabisa unafaa karibu. Choki ya kawaida inayoitwa "full" hubana inchi 0.035 kwa geji 12. Choki za bata mzinga hubana zaidi, tundu la kutokea likiwa kati ya 0.660 na 0.670 mara nyingi. Kwa geji 20 ni 0.555 hadi 0.570 hivi.

Watu wengi hukosea kwa kusoma namba ya choki peke yake. Kinachofanya kazi ni tofauti kati ya mtutu na tundu. Choki ya 0.665 kwenye mtutu wa 0.729 inabana 0.064. Viwanda vingine hutanua mtutu hadi 0.740 hivi; choki yenye tundu lile lile sasa inabana 0.075. Ni choki nyingine kabisa hiyo. Kwa hiyo ushauri wa "nunua 0.665" hauna uzito mpaka ujue mtutu wako una ngapi.

Na kubana zaidi si kuzuri zaidi. Kuna mahali chembe za risasi hukandamizana mle mdomoni, zikatoka zimebonyea, na karatasi ikaonyesha mduara wenye tundu katikati au mabaka mabaka kama ngozi ya fisi. Dalili hiyo ikitokea, legeza choki hatua moja kabla hujalaumu katriji. Chembe kubwa huhitaji nafasi zaidi: risasi namba 4 hupendelea tundu pana kuliko namba 6. Kwa chuma na tangsteni, tumia tu choki ambayo aliyeitengeneza ameandika kwamba inastahimili. Marisawa magumu hayakubali kukunjwa, na kitakachokunjika ni mtutu. Kuna pia katriji ambazo kikombe chake cha plastiki, kile kinachobeba marisawa, kimeundwa kushikilia mzigo kwa muda baada ya kutoka mdomoni. Hizo hazielewani na choki zenye matundu ubavuni, kwa sababu matundu hukikwaruza kikombe na kukirudisha nyuma kabla ya wakati wake.

Karatasi

Unahitaji karatasi pana, angalau sentimita 90 kwa 90, na nyingi. Za kahawia za kufungia mizigo zinafaa. Ubao wa kuzibandika. Meza imara na mifuko ya mchanga. Kalamu ya wino mzito, futi ya kupimia, kipimia umbali kama unacho, vikinga masikio na miwani. Na sahani ya kulia chakula yenye upana wa sentimita 25, ambayo ni inchi 10. Nyuma ya ubao pawe na kilima au tuta la udongo: chembe ya risasi namba 5 ikipigwa kwa juu huweza kwenda zaidi ya mita 240 kabla ya kuanguka, na ya tangsteni huenda mbali zaidi.

Anza na katriji nyepesi za bei rahisi, kwa yadi 15, mita 14 hivi. Hapa hutafuti mtawanyiko. Unatafuta kujua kama bunduki inapiga inakoelekezwa. Piga mbili au tatu, rekebisha, na bega lako bado halijachoka.

Kisha sogea yadi 40, ambazo ni mita 36 na nusu. Bandika karatasi mpya, weka alama ndogo katikati, keti, laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga lakini mtutu wenyewe usiguse kitu, lenga ile alama na bonyeza kifyatulio polepole. Piga katriji moja tu kwenye karatasi moja. Andika palepale pembeni: katriji gani, choki gani, umbali, upepo. Karatasi tatu zisizo na maandishi zikishakunjwa pamoja garini hazikufundishi kitu.

Sasa tazama karatasi kwa macho mawili tofauti, maana inajibu maswali mawili na watu huyachanganya. Swali la kwanza: chembe zimesongamana kiasi gani? Kwa hili usiangalie alama uliyoilenga. Rudi nyuma hatua mbili, tafuta kwa jicho mahali penye matundu mengi kuliko kote, lalisha sahani hapo, izungushie kalamu. Gawa duara robo nne kwa mistari miwili, hesabu kila robo ukitia nukta kwenye kila tundu ulilolihesabu, la sivyo ukifika sitini utapotea na kuanza upya. Kipimo kinachokubalika na wengi ni matundu 100 ndani ya duara hilo.

Angalia pia zile robo. Matundu 110 yaliyojazana upande mmoja huku robo moja ikiwa na 9 ni mtawanyiko mbaya kuliko 95 yaliyosambaa sawasawa, kwa sababu shingo inapita kwenye nafasi tupu bila kuguswa. Ili kuona vizuri, chora kichwa na shingo ya bata mzinga kwa ukubwa wake halisi kwenye kadibodi, ukate, uuweke popote ndani ya duara. Popote utakapouweka, fuvu na uti vipate chembe 3 hadi 5. Ukipata mahali panapokosa, hapo ndipo ndege atakapopitia.

Swali la pili: kitovu cha msongamano kiko wapi ukilinganisha na alama uliyoilenga? Pima kwa futi, juu au chini, kushoto au kulia. Namba hizi mbili kwa kawaida ni za nishani ya bunduki, yaani kifaa cha kulengea, si za mbano wa choki.

Karatasi moja haitoshi. Mzigo wa marisawa una bahati yake, na karatasi mbili za mfululizo zinaweza kupishana chembe 20. Tuseme umepata 121, 96 na 116. Wastani ni 111, na mtu atafurahi. Lakini porini hupigi wastani, unapiga moja, na moja kati ya tatu imeanguka chini ya 100. Rudi yadi 35, piga tatu tena. Zote zikipita 100, umepata umbali wako wa mwisho kwa katriji na choki hiyo.

Kama unajaribu aina kadhaa, usipige tatu tatu za kila aina, utafilisika. Piga moja moja kwa yadi 40, zile zinazoonyesha mabaka au kufika 60 tu zitoe, halafu mbili zilizobaki ndizo uzimalizie kwa tatu. Pumzika kila baada ya katriji tatu au nne. Mtutu upoe, bega lipoe zaidi.

Inapokataa

Kitovu kiko juu ya alama kwa sentimita 12 au 15, na bunduki ina shanga moja tu ya kulengea mdomoni. Karibu kila mara ni shavu: mpigaji ameinua kichwa kutoka kwenye kitako, jicho limepanda, mtutu umepanda nalo. Lalisha shavu vizuri na urudie kabla hujagusa kitu kingine. Shanga mbili, moja katikati ya mtutu na nyingine mdomoni, husaidia kugundua kosa hili kwa sababu zikiachana unaliona. Kitovu kikiendelea kuwa pembeni ukiwa umetulia kabisa, bunduki ndivyo ilivyo, na dawa yake ni nishani inayorekebishika au darubini ya nukta nyekundu. Kwa darubini ambazo mruko mmoja wa kirekebishio chake ni dakika 1 ya pembe, kila mruko husogeza kitovu takriban sentimita 1 kwa yadi 40. Umepiga sentimita 12 chini na 7 kulia? Miruko 12 juu, 7 kushoto, na hakikisha kwa katriji moja zaidi. Soma kitabu cha darubini yako kwanza, maana zingine zina mruko wa nusu dakika.

Kitovu kinahamahama, mara huku mara kule. Hapo anayehama ni mpigaji. Mwombe mwenzako akupachikie bunduki bila wewe kuona, mara yenye katriji ya mafunzo isiyo na baruti, mara yenye katriji kamili. Ikifyatuka ile tupu na mtutu ukazama chini, umeujua ugonjwa. Rudi kwenye katriji nyepesi.

Mtawanyiko ulikuwa mzuri asubuhi, mchana umeharibika. Shika choki kwa vidole, baada ya kutoa katriji zote. Choki hulegea kwa mtikisiko, na ikilegea chembe hugonga ukingo wake. Ikiwa imekaza, angalia ndani: plastiki ya vikombe huganda mdomoni baada ya katriji nyingi. Safisha kwa brashi, ujaribu tena.

Baridi pia hupunguza kidogo, kwa sababu baruti inawaka polepole na hewa inakuwa nzito. Aliyepima jioni ya joto la Texas na anawinda alfajiri yenye umande wa barafu ajipunguzie yadi kadhaa.

Karibu mno, mbali mno

Ukishapata bunduki inayopanga vizuri kwa yadi 40, rudi upige kwa yadi 10. Wengi huruka hatua hii, na ni hapo wanapomkosa ndege. Kwa umbali huo mzigo wote unapita kwenye tundu lenye ukubwa wa chungwa, na kwa tangsteni na choki ya kubana tundu hilo ni dogo zaidi. Ukikosea kwa upana wa kiganja, umemkosa kabisa. Ikiwa unawinda kwenye msitu mzito ambako ndege hutokea hatua 15 mbele yako, choki ya wastani yenye mtawanyiko mpana ina faida kuliko ile iliyokupa sifa kwenye karatasi ya mbali.

Upande wa mbali, tangsteni imeleta maneno ya yadi 60 na zaidi. Karatasi inaweza kukubali. Lakini karatasi haigeuzi kichwa, na msituni yadi 45 na yadi 60 hufanana machoni. Pima umbali wa miti miwili mitatu inayokuzunguka mara tu unapoketi, kabla ndege hajaita, ili baadaye ujue kwamba akivuka mti ule wenye gome lililochubuka yuko ndani. Na angalia nyuma yake: mzigo uliosongamana hauishii kwa dume uliyemlenga, na jike aliyesimama nyuma yake atakufa naye. Usivae nyekundu, nyeupe wala buluu. Ndizo rangi za kichwa cha dume, na kuna wawindaji wengine porini wanaozitafuta.

Dume aliyejitutumua huikunja shingo yake kwa ndani kama ndoano. Mwache. Toa sauti moja kali ya kuita, atashusha manyoya na kunyoosha shingo kuangalia inakotoka. Lenga pale ngozi nyekundu inapokutana na manyoya ya kwanza, katikati ya shingo, ili nusu ya mzigo iende juu kwenye fuvu na nusu ibaki kwenye uti. Ukilenga utosi, nusu ya marisawa yako inapita hewani.

Matokeo yaandike kwenye kipande cha plasta nyeupe na ukibandike ubavuni mwa kitako: jina la katriji, namba ya chembe, choki, umbali wa mwisho. Weka na alama ndogo ya wino inayovuka kutoka kwenye choki hadi kwenye mtutu, ili ukiishika asubuhi gizani kwa mwanga wa tochi uone kama mistari miwili bado imekutana.